Fedha ya mtoto ina kazi yake: somo kutoka vihamba vya Kilimanjaro



Kuna utani unaozunguka Tanzania nzima kuhusu Wachaga. Inasemwa kwamba Mchaga akizimia, usihangaike kumwagia maji. Chezesha sarafu karibu na sikio lake, atafumbua macho mwenyewe. Watu hucheka, na Wachaga nao hucheka. Sisi hatuna ugomvi na utani. Ugomvi wetu ni na ile fikra iliyojificha nyuma yake, kwamba wapo watu waliozaliwa na akili ya fedha na wapo ambao hawakujaaliwa. Mara ngapi tumesikia mama wa Unguja au Pemba akisema, "Wanetu hawa fedha haiwakai mkononi, hayo tuwaachie wenzetu wa bara"? Kijana wa miaka 15 akisikia hukumu hiyo kila Idi, mwisho ataiamini.

Fedha haimo katika damu. Imo katika malezi. Na ukitizama vizuri jinsi nyumba za Kilimanjaro zilivyolea watoto wao katika jambo hili, utaona hakuna siri wala uchawi, na hakuna ambalo haliwezekani Makunduchi au Wete. Hoja yetu leo ni moja. Kijana hafundishwi fedha kwa nasaha. Hufundishwa kwa kushika fedha ya kweli, yenye kazi inayojulikana na siku inayojulikana, huku mkubwa wake akiiheshimu kazi hiyo.

Mikoba miwili ya kihamba

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Marangu, Kibosho, Machame au Uru, unaingia kwenye vihamba. Hayo ni mashamba ya nyumbani ambamo kila kitu kimepandwa pamoja: migomba juu, mibuni chini ya kivuli chake, majimbi na viazi vikuu pembeni, ng'ombe bandani anayeletewa majani, na mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu. Mpemba hapotei humo. Tofauti ni kwamba penye mkarafuu kwetu, kwao pana mbuni.

Kahawa ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema, lakini wenyeji hawakukubali kubaki vibarua wa zao hilo. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapohapo Moshi, na tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya Moshi na fedha, tunazungumza juu ya mji ambao kwa karibu miaka 100 umekuwa ukifundishana namna ya kukusanya kidogo kidogo na kuandika hesabu.

Sasa angalieni kahawa yenyewe inavyomlea mtu. Mbuni hauna haraka. Mche huchukua kama miaka mitatu tangu kupandwa mpaka kutoa mavuno ya kwanza ya maana. Baada ya hapo mavuno huja kwa msimu, mara moja kwa mwaka, na fedha yake haikuja yote kwa mpigo. Mkulima aliyepeleka kahawa kwenye chama cha msingi alipata malipo ya kwanza, kisha akasubiri iuzwe mnadani ndipo apate malipo ya pili. Fedha inayokawia hivyo huwezi kuingojea bila ya mpango. Ikawa inapewa kazi kabla haijafika: hii ni ada, hii ni bati, hii ni ndama. Mtoto alikua akisikia "tutanunua baada ya kahawa", na baada ya kahawa akakiona kile kilichoahidiwa kimenunuliwa. Hilo la pili ndilo lililomfundisha.

Huo ni mkoba mmoja. Mkoba wa pili ulikuwa wa mama. Kwa desturi za mlimani, kahawa ilihesabiwa kuwa ya baba na ndizi ikawa ya mama. Migomba huzaa mwaka mzima, kwa hivyo mama alibeba mikungu, maziwa na mboga akaenda sokoni wiki hadi wiki. (Wengine huigeuza ndizi kuwa mbege, hiyo tunawaachia hukohuko.) Fedha ile ndogo ilinunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari. Haikutumwa kununua bati, na fedha ya kahawa haikutumwa kununua chumvi. Kila fedha ilijua njia yake.

Ukiyaelewa hayo umeelewa sehemu kubwa ya somo. Ipo fedha ya kila wiki na ipo fedha ya msimu. Yapo mahitaji ya kila wiki na yapo malengo ya mbali. Nyumba huanza kuyumba pale fedha ya msimu inapoliwa kama ya wiki, au fedha ya wiki inapotegemewa ijenge nyumba.

Na sisi visiwani mikoba hiyo tunayo. Tuna karafuu yenye msimu wake. Tuna mwani, ambao akina mama wa Paje, Jambiani na kwengineko wamekuwa wakilima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijana wetu nao wanayo mikoba yao miwili: kile kidogo wanachopewa cha skuli, na kile kikubwa kinachokuja kwa msimu, yaani mkono wa Idi, ujira wa kuchuma karafuu, zawadi ya mjomba aliyekuja kutoka Muscat. Kinachokosekana ni kuwaonesha kwamba hiyo ni mikoba miwili. Wengi wanaitia yote katika tundu moja, na kufika Idi mosi jioni tundu limeshakuwa tupu.

Dini ilishatuelekeza

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kisasa tu, au ya watu wa benki. Katika Suratun Nisaa, Allah Subhanahu wa Taala ameamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa ndoa. Wakionekana wameshapata busara ya kuendesha mambo, ndipo wakabidhiwe mali zao. Walezi wamekatazwa kuila mali hiyo kwa pupa kabla wenyewe hawajakua, na siku ya kukabidhi wameamrishwa waweke mashahidi.

Tulizingatie neno la kujaribiwa. Huwezi kumjaribu mtu kwa kumhutubia. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wamekisomesha vizazi na vizazi, anaeleza kwamba mtihani huo hufanywa kabla ya kubaleghe, na kwamba mtoto hujaribiwa kwa kazi ya nyumbani kwao. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua, kuuza na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa shamba na kwa namna anavyotumia fedha kuwalipa wanaolihudumia. Na jaribio halitoshi mara moja, lazima lirudiwe.

Subhanallah! Karne nyingi zimepita, na bado wengi wetu tunafanya kinyume chake. Tunamficha kijana mambo ya fedha mpaka ana miaka 20, kisha siku moja tunamkabidhi mkopo wa chuo, au mahari, au kitambaa cha duka, halafu tunashangaa kaharibu. Mtihani umekuja bila ya somo.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme yupo binti wa Kiislamu anayekaa Majengo, Moshi, yuko kidato cha pili. Nauli yake wazazi wanailipa mbali. Kila wiki anapewa shilingi 3,000 za matumizi, na mayai ya kuku wake humpa kama shilingi 2,000. Jumla ni 5,000. Mama yake hamwambii "weka akiba". Anamkalisha na daftari na kumuuliza: unataka nini kabla ya Idi, na unataka nini kabla hujamaliza kidato cha nne?

Binti anasema kabla ya Idi anataka abaya ya shilingi 30,000, na kabla ya kumaliza skuli anataka cherehani. Tuseme cherehani ni shilingi 250,000. Basi wanagawa hivi kwa wiki: shilingi 500 sadaka, 1,500 mahitaji ya lazima kama pedi, sabuni na kalamu, 1,500 abaya, 1,000 cherehani, na 500 ya maandazi, kwa sababu naye ni mtoto na raha ndogo ina haki yake.

Kwa wiki 20 abaya imepatikana, na ndani ya mkoba wa cherehani kuna shilingi 20,000. Sasa zile 1,500 za abaya zinahamia kwenye cherehani, inakuwa 2,500 kwa wiki. Zilizobaki 230,000 zitachukua wiki 92. Jumla ni wiki 112, yaani miaka miwili na wiki chache. Akianza mwanzoni mwa kidato cha pili, cherehani iko nyumbani kabla ya mitihani ya kidato cha nne, na hapo hatujahesabu mkono wa Idi hata mmoja. Ni muda ambao hata mbuni ungekuwa bado haujazaa.

Tizameni kilichofanyika. Hakuna aliyemwambia binti kwamba abaya ni upuuzi. Lengo lake la karibu limeheshimiwa, na likatumika kumfundisha la mbali. Kijana anayelazimishwa kuweka akiba kwa ajili ya "maisha ya baadaye" tu huchoka mwezi wa kwanza, kwa sababu maisha ya baadaye hayana sura. Abaya ina sura. Cherehani ina sura. Hata watu wazima ni hivyohivyo: kila Disemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani na familia zao, na safari hiyo imewekewa fedha miezi kadhaa nyuma, kwa sababu kila mmoja anaijua siku yake na anajua nani anamngoja mlimani.

Mizani ya getini

Sasa kuna vijana ambao shida yao si kukosa malengo, bali ni kuwa nayo kumi. Anataka simu, viatu, saa, kozi ya kompyuta, baiskeli, na anataka kumnunulia bibi mtandio. Yote ni mazuri. Tufanyeje?

Hapa mlima wenyewe unatusaidia. Kwenye mageti ya kupandia Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani, na kikomo cha mzigo ni kilo 20. Mzigo ukizidi, kitu lazima kitoke. Pale getini hakuna anayebishana kipi ni kizuri, maana hakuna aliyefunga kitu kibaya. Swali ni moja: kipi kikikosekana usiku wa baridi, mtu ataumia?

Swali hilohilo linamtosha kijana. Mwambie aandike yote kumi, kisha aulize kwa kila moja: nikilichelewesha miezi sita, nani ataumia? Pedi zikichelewa, binti anakosa skuli. Ada ya kozi ina tarehe ya mwisho. Saa ikichelewa, hakuna anayeumia. Mtandio wa bibi? Hapo mwache mwenyewe afikirie, kwa sababu bibi ana miaka 80, na lipo jambo jema ambalo halingoji. Mara nyingi watoto hutushangaza hapo kwa namna wanavyopanga.

Na lengo la mbali lipewe vituo. Anayepanda kwa njia ya Marangu haendi kileleni, mita 5,895, kwa siku moja. Hulala Mandara kwenye mita 2,720, akalala Horombo kwenye mita 3,720, akapumzika Kibo, ndipo akaingia safari ya mwisho usiku. Cherehani ya 250,000 nayo iwe na vibanda vyake njiani: 50,000 ya kwanza, 100,000, nusu ya safari. Kila kituo kiwe na furaha yake ndogo nyumbani, hata kama ni kupikiwa chakula anachokipenda tu.

Kibubu cha mtoto si droo ya mzazi

Tunafika kwenye jambo ambalo tunaamini ndilo linaloharibu zaidi, na halisemwi. Wapo wazazi wanaomwambia mtoto, "Lete mkono wako wa Idi nikuwekee." Mtoto analeta. Mwezi wa pili gesi imekwisha, au kuna harusi na sare inatakiwa, na ile fedha inaondoka kimyakimya. Mtoto akiuliza anaambiwa, "Kwani chakula unachokula kinatoka wapi?"

Hapo mtoto kafundishwa fedha, ila kafundishwa kinyume. Kajifunza kwamba fedha usipoitumia leo, kesho itatumiwa na mwengine. Kuanzia siku hiyo atakula mkono wa Idi siku ileile, na ukimtizama kwa haki utaona ana akili timamu. Huwezi kuvuna subira mahali ulipopanda hofu.

Wapo watakaotukumbusha Hadithi inayotaja mtoto na mali yake kuwa vya baba yake. Tunaijua, na wanavyuoni wameieleza pamoja na masharti yake ya haja na kutodhuru; mwenye swali amuulize sheikh wake. Sisi tunazungumzia malezi. Na malezi yanasema kwamba dhiki ikibana kweli, mzazi amuombe mtoto waziwazi, waandike, na apange siku ya kurudisha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka kuhusu kuandikiana madeni. Mama anayeandika kwenye daftari la mwanawe "nimekopa shilingi 10,000, nitarudisha mwisho wa mwezi", kisha akarudisha mwisho wa mwezi, amempa somo ambalo hakuna darasa litakalompa.

Chombo cha kuwekea fedha kinategemea umri na kiasi. Kibubu kinatosha kwa kuanzia. Vijana wa mtaa mmoja wanaweza kuiga vikundi vya hisa vya mama zao, wenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, ili wajue kwamba uaminifu nao huwekewa utaratibu. Fedha ikiwa kubwa, benki nyingi zina akaunti za watoto na vijana zinazosimamiwa na mzazi. Tutafute zisizo na riba, maana PBZ wana huduma za Kiislamu, na Amana Bank imekuwapo tangu mwaka 2011. Lakini chombo chochote kile, kitakuwa na faida ikiwa mtoto ana hakika kwamba akirudi ataikuta fedha yake.

Kwa nini tunawataja mabinti kwanza

Katika skuli nyingi za kutwa huko miteremkoni, binti hutembea njia ndefu yenye vilima asubuhi na jioni. Yupo mwendesha bodaboda anayesimama na kusema, "Panda, dada, sitaki fedha." Si kila anayesimama ana nia mbaya. Lakini kila mzazi wa Moshi anaijua hadithi inayoanza kwa lifti, ikafuata chipsi, ikafuata vocha ya simu, na ikamalizika na binti kuacha masomo. Visiwani hadithi ni hiyohiyo, isipokuwa mlima haumo. Hapa huanzia kwa simu aliyopewa "kama zawadi".

Tunawahubiria mabinti kuhusu tamaa. Ni sawa, na haya ni sehemu ya imani. Ila tujiulize pia: huyu binti alikuwa na fedha ya pedi mwezi ule? Alikuwa na mtu wa kumuomba bila ya kutukanwa? Binti mwenye shilingi 1,500 zake za mahitaji ya lazima kila wiki, na cherehani iliyofika nusu ya safari, ana kitu cha kupoteza na ana neno la kujibu. Akisema "hapana, ahsante", hapana yake ina miguu ya kusimamia. Sisi hatusemi kwamba fedha inalinda heshima. Anayelinda ni Allah, kisha malezi. Tunasema kwamba kumwacha binti bila ya senti na kumtaka awe imara ni kumtwisha mzigo bila ya kata.

Na kuna la zaidi. Kwa mila za Wachaga, kihamba cha ukoo hurithiwa na watoto wa kiume. Binti wa mlimani alijua tangu mdogo kwamba ardhi ile si yake, na mama wengi wakawasukuma mabinti zao kwenye elimu na biashara ili wasiondoke mikono mitupu. Sisi dini yetu imempa binti fungu lake la mirathi kwa andiko. Lakini fungu bila ya ujuzi wa kulisimamia huishia mikononi mwa kaka au mume. Anayeweza kusimamia kuku wawili akiwa na miaka 14 ndiye atakayeweza kusimamia mikarafuu mitano akiwa na miaka 40.

Wavulana hatuwasahau. Wao mtego wao ni kubeti. Sheria inakataza kwa aliye chini ya miaka 18 na dini imekataza kamari kwa kila umri, lakini simu ya kaka ipo na timu zinacheza kila siku. Mvulana asiyekuwa na lengo lenye hatua huona kubeti ndiyo njia pekee ya mtu kama yeye kupata shilingi 100,000. Akikua, mtego huohuo unabadilisha jina na kuwa mikopo ya kausha damu.

Tunayoambiwa tukisema haya

Tunaambiwa, "Hatuna fedha ya kuwapa." Tunaelewa, maisha ni magumu. Lakini kiasi si hoja. Shilingi 500 kwa wiki yenye kazi na daftari inafundisha kuliko 10,000 isiyokuwa na jina. Na si lazima iwe fedha. Mpe kuku, mpe tuta la mchicha, mpe mgomba mmoja uwe wake, mkungu wake auuze mwenyewe na asimamie bei mwenyewe. Imam Nawawi angesema mtoto wa mkulima ameshapata mtihani wake.

Tunaambiwa, "Mtawafanya watoto wapende dunia." Mama yetu Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara, na mali yake ikawa nguzo ya Uislamu ulipokuwa mchanga. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina bila ya kitu na ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali, yeye alimuombea dua na kuomba aoneshwe soko lilipo. Mtoto anayeanza mgawo wake kwa sadaka, kila wiki, anajifunza mapema kwamba fedha ni amana. Anayeipenda dunia zaidi ni yule ambaye hakuwahi kuishika, akaiota tu.

Na tunaambiwa kwamba hata huko Kilimanjaro mambo si kama zamani. Ni kweli. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika, bei duniani ilianguka. Wapo waliong'oa mibuni. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo, na vijana wengi wameteremka mjini kutafuta riziki. Lakini hapo pia pana somo. Nyumba iliyotegemea mkoba wa kahawa peke yake iliyumba vibaya. Iliyokuwa na mkoba wa ndizi na maziwa iliendelea kula. Basi tumfundishe kijana kwamba lengo linaweza kubadilika na njia ya kipato inaweza kufungwa, wala si aibu kulifungua daftari na kupanga upya. Aibu ni kutokuwa na daftari.

Wiki hii

Tunaomba kila mama anayesoma haya afanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo, Insha Allah. Akae na mwanawe, wa kike au wa kiume, peke yao, simu zikiwa mbali. Amuulize: unataka nini karibu, na unataka nini mbali? Asicheke jibu. Waandike majina mawili na tarehe mbili. Wakubaliane fedha ipi itakwenda wapi, na sadaka iwe ya mwanzo. Kisha mama aahidi kwamba fedha hiyo hataigusa bila ya kuandika, na aitimize ahadi hiyo.

Tunamuomba Allah awape watoto wetu riziki ya halali na akili ya kuisimamia, awaepushe na israfu na ubakhili, awalinde mabinti zetu na wavulana wetu dhidi ya kila mlango wa haramu, na atujaalie sisi wazazi tuwe waaminifu kwa kidogo chao kabla hatujawadai uaminifu katika kikubwa. Amin.